Osiri na Visiwa vya Ziwa: Likizo ya Familia kwa Mfuko Mdogo



Osiri si kisiwa. Twalitanguliza neno hili ili msomaji asije akafunga mizigo kwa matumaini ya kukuta mchanga mweupe mlangoni. Osiri ni mahali pa nchi kavu, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, penye mashimo ya dhahabu na watu wengi waliokuja kuitafuta. Lakini kutoka hapo Ziwa Viktoria haliko mbali, na ukiufuata ufuo wake kuelekea kaskazini utaingia Kaunti ya Homa Bay, yenye visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri. Basi mwenye jamaa Osiri ana mlango wa kuingilia visiwani, na mlango wa jamaa haulipiwi kodi.

Sisi watu wa Pwani tunavyo visiwa vyetu, alhamdulillahi. Tunayo Lamu, tunayo Wasini, na ng'ambo ya mpaka ziko Pemba na Unguja. Hatukwenda magharibi kwa kukosa kisiwa. Tulikwenda kwa sababu nyumbani kwetu palikuwa na haja mbili na mfuko mmoja. Watoto walitaka likizo ya kisiwani, kama walivyoahidiwa. Bibi yao naye alitaka kumwona binti yake wa mwisho, mama mdogo wa watoto, aliyeolewa Osiri na ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka sita. Mjukuu aliyezaliwa huko Bibi alimjua kwa picha za simu tu. Fedha za safari mbili hazikuwapo, na Bibi hazidi kuwa kijana. Ndipo tukakaa chini na ramani, tukaona kwamba haja hizo mbili zinaweza kwenda katika njia moja.

Tunaandika makala haya kwa familia zilizo na hali kama yetu, zisizoweza kulipia hoteli ya ufuoni wala tiketi za ndege, lakini zinazotamani kuwaonyesha watoto nchi pana aliyoiumba Mwenyezi Mungu, na papo hapo kuunga udugu.

Hesabu kabla ya mizigo

Jambo la kwanza tuliloafikiana ni kutokopa. Siku hizi mkopo wa simu huingia kwa dakika moja na kutoka kwa miezi, tena na riba yake. Likizo si dharura, na anayestarehe kwa deni la riba huleta nyumbani kilichomzidi uzito. Kwa hiyo tulianza mapema. Kila Ijumaa, kwa muda wa wiki 40, tulitia shilingi 1,600 katika kibubu. Wiki nyingine zilikuwa nzito. Tulipunguza nyama, tukapika mchicha na nazi. Watoto walikiona kibubu kikijaa, nao wakajifunza kwamba safari haianguki kutoka mbinguni.

Tulikuwa watu sita: wakubwa watatu, yaani baba, mama na Bibi, binti wa miaka 13, kijana wa miaka 9 na kitindamimba wa miaka 5. Bakuli la fedha lilikuwa shilingi 64,000, nasi tuliligawa hivi:

Gari moshi la Mombasa na Nairobi, kwenda na kurudi: 15,000.
Basi la Nairobi hadi Migori, na kurudi kutoka Mbita: 14,000.
Matatu, bodaboda na mashua: 9,000.
Malazi ya usiku tatu, vyumba viwili: 9,000.
Chakula: 8,000.
Zawadi za wenyeji: 5,000.
Dharura: 4,000.

Katika gari moshi la reli mpya, daraja la kawaida, nauli ya mtu mzima ilikuwa shilingi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Binti wetu wa miaka 13 alihesabiwa mtu mzima, jambo lililomfurahisha yeye na kutugharimu sisi. Katika basi tulilipia viti vitano kwa shilingi 1,400 kila kimoja, kitindamimba akapakatwa. Nauli za mabasi hupanda kila shule zinapofunga na kila sikukuu inapokaribia, kwa hiyo kila familia na iulize upya kabla ya kugawa fedha zake. Tiketi za gari moshi zikatwe mapema, kwani katika likizo za shule hujaa upesi.

Tuliuchagua mwezi wa Agosti. Masika huwa yamekwisha, vuli bado, na njia za vumbi hupitika. Tena ziwa liko juu sana kuliko bahari yetu, zaidi ya mita 1,100, na usiku wake una ubaridi tusiouzoea. Aliye na mzee amchukulie sweta na soksi.

Njiani

Siku ya kwanza huishia barabarani. Tulipanda gari moshi Miritini asubuhi, tukala tende, visheti na kashata tulizobeba, maana chakula cha safarini humeza fedha kuliko nauli. Nairobi tuliingia alasiri, na usiku tukapanda basi la Migori kupitia Narok na Kisii. Alfajiri ilitukuta njiani. Dereva, Mungu amjaze kheri, alisimama kwenye kituo cha mafuta baada ya kuombwa kwa adabu, wakashuka abiria wengine watatu kuswali pamoja nasi.

Hapa pana mambo ambayo familia ya Kiislamu itafaidika kuyajua kabla ya kuondoka. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, ndiyo maana sisi tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Ukiwa Migori au ziwani umekwenda magharibi, na kibla chako huinama kidogo upande wa mashariki kutoka kaskazini. Nyakati nazo hubadilika. Jua huchwa huko likiwa limechelewa dakika 20 hivi kuliko Mombasa, hivyo ratiba ya ukutani mwa nyumba yako haifai kwa swala wala kwa kufuturu. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Lakini kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo humwondokea. Mpango wetu ulikuwa wa vituo vifupi vifupi, na tulimwuliza mwalimu wetu wa madrasa kabla ya safari ili tusibishane njiani.

Migori mjini pana misikiti, na pana wauzaji wa nyama waliochinja kisheria. Tulinunua hapo nyama ya siku moja, kisha tukaingia matatu ya kuelekea Nyatike.

Osiri

Mwenye kuja Osiri husikia kabla ya kuona. Kuna ngurumo ya mashine za kusagia mawe, na juu yake milio ya nyundo za watu wanaoyapasua mawe hayo kwa mkono, wengi wao wanawake, wamekaa chini ya vivuli vya mabati na maturubali. Eneo hili la Nyatike limejulikana kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Karibu nalo kuna Macalder, palipokuwa na mgodi wa dhahabu na shaba. Leo wanaochimba ni watu wa kawaida, wenye kamba, tochi na sururu, wakishuka katika mashimo marefu yaliyoegemezwa magogo. Mashimo hayo yamewahi kuporomoka na kuua. Kila mke wa Osiri huijua saa ambayo mumewe anapaswa kuwa ametoka.

Mwanyumba wetu, mume wa mama mdogo, alikutana na mkewe Mombasa alipokuwa akifanya kazi bandarini. Kazi ilipokatika alirudi kwao. Alitupokea kwa bashasha, akatupa chumba chake yeye na mkewe, wao wakalala jikoni. Majirani wasio wa dini yetu walileta samaki, kuku hai ili tuchinje wenyewe, na maji. Mzee mmoja alipoelezwa kwamba tumetoka Mombasa kwa sababu ya kumwona binti yetu, alishika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili. Bibi alimjibu kwa neno la Kijaluo alilofundishwa asubuhi ile, "Erokamano," na pale uani wote wakacheka kwa furaha.

Siku ya pili tuliona dhahabu inavyopatikana. Mawe hupasuliwa, husagwa yakawa unga, na unga huo huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa, vizito vikabaki na vyepesi vikaenda na maji. Kinachobaki hutiwa katika beseni pamoja na zebaki, yule madini mzito anayemiminika kama maji, na hukorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata chembe za dhahabu. Kisha hukamuliwa katika kitambaa, na tonge lililobaki huwekwa juu ya makaa. Zebaki huruka kwa mvuke usioonekana wala kunuka, na dhahabu hubaki, ndogo kuliko punje ya mtama.

Mama mdogo alikuwa akiifanya kazi hiyo, na alikuwa na mimba ya miezi minne.

Sisi wanawake wa Pwani tunaipenda dhahabu. Bangili, vipuli na mikufu ndiyo akiba ya mwanamke, ndiyo mahari, ndiyo inayouzwa siku mtoto anapofukuzwa shule kwa karo. Hatukuwa tumefikiria mikono inayoitangulia. Bibi alikaa kwenye kigoda akimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Mwanangu, hiyo mikono yako huiosha kwa nini?"

"Kwa sabuni, mama. Ni kazi tu."

"Na huyo aliye tumboni, naye umemwosha?"

Mama mdogo hakujibu. Alikuwa ameambiwa na muuguzi kliniki, na alijua. Mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni, na hudhuru ubongo wake ungali ukiumbwa. Walimwengu wamewekeana mkataba juu ya madhara hayo, unaoitwa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, na Kenya imeingia ndani yake. Kipo na kifaa cha chuma kilichofungwa, kinachonasa mvuke usitoke, na wachimbaji wengine hukitumia. Lakini pale tulipokuwa hakikuwapo, na mkataba haununui unga. Kila jioni mama mdogo alirudi na fedha kidogo, na fedha hizo ndizo zilizokuwa chakula cha jioni.

Usiku ule, watoto walipolala, tulifanya mashauri. Mama mdogo alikuwa tayari akipika mahamri siku za soko, na wachimbaji walikuwa wakiyagombania, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayeyajua ya iliki na tui. Alichokosa ni mtaji: karai kubwa, jiko, gunia la unga, mafuta na sukari. Tuliuliza bei. Katika fungu la zawadi tulikuwa tumetumia 2,000 kwa leso, halua na kahawa, zikabaki 3,000. Tukakubaliana kupunguza usiku mmoja wa kisiwani, zikapatikana 3,000 nyingine. Bibi alifungua pembe ya leso yake, akatoa 4,000 ambazo hakuna aliyejua kwamba alikuwa nazo. Zikawa 10,000. Mwanyumba alizipokea kwa niaba ya mkewe, kisha akazitia mikononi mwa mkewe mbele yetu, akasema, "Kuanzia kesho, zebaki si kazi yako." Hakusema zaidi, na sisi hatukuhitaji zaidi.

Asubuhi tuliwaeleza watoto kwamba siku tatu za visiwani zimekuwa mbili, na sababu yake. Binti alinyamaza. Kijana wa miaka 9 alilia, akasema ilikuwa ahadi. Tulimjibu kwamba ni kweli ilikuwa ahadi, na kwamba yeye pia ametoa katika fungu hilo, usiku mmoja wake. Alikwenda kukaa na mtoto wa mama mdogo nyuma ya nyumba. Tulipowaita kwa chakula walikuwa wakichora mashua mchangani.

Kuelekea ziwani

Kutoka Nyatike barabara hupita Sori, penye ghuba ya Karungu, kisha huambaa na nchi ya Suba kupitia Magunga na Sindo hadi Mbita. Vilima vya Gwassi huonekana njiani. Mwenye siku ya ziada na nauli ya kuongeza asiache kuuliza njia ya Thimlich Ohinga, ndani ya Migori hiyo hiyo. Ni kuta za mawe zilizojengwa karne nyingi zilizopita kuzunguka maboma ya watu na mifugo, nyingine zikipita kimo cha mtu. Shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Sisi tuliozoea kuta za Lamu na Gede, zilizoshikwa kwa chokaa ya matumbawe, tutastaajabu kuona mawe matupu yaliyopangwa bila tope wala chokaa, nayo yangali yamesimama.

Mbita ni mji mdogo wa biashara ya samaki. Hapo tulilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye vyandarua. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji kuna Rusinga, iliyounganishwa na Mbita kwa daraja, hivyo unaweza kwenda kisiwani kwa bodaboda bila kulipia mashua. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa bado hajatimiza miaka 39. Kaburi lake limejengewa jumba, na binti yetu, aliyelisoma jina hilo katika kitabu cha shule, alisimama hapo kwa utulivu tusioutarajia.

Usiku huo kitindamimba alipata homa. Nchi ya ziwa ni nchi ya malaria, zaidi ya Pwani. Si bure kwamba chanjo ya malaria ya watoto ilizinduliwa nchini mwetu huko Homa Bay, mwezi wa Septemba mwaka 2019. Hatukungoja asubuhi ya pili wala hatukutoa dawa ya kubahatisha. Tulimpeleka kupimwa, damu ikaonekana haina vimelea, akapewa dawa ya homa na maji mengi. Fungu la dharura liliondokewa na shilingi 1,200, nasi tulishukuru kwamba lilikuwepo.

Mfangano

Mashua za abiria huondoka Mbita kwenda Mfangano, safari ya saa moja unusu hivi, na hupitia vituo kadhaa. Ziwa huwa tulivu asubuhi. Upepo huamka mchana, na mawimbi yake, ingawa ni ya maji matamu, si ya kuchezewa. Tulipanda chombo cha asubuhi, tukahakikisha kila mtoto amevaa jaketi la kuelea kabla ya kamba kufunguliwa. Chombo kilipokosa jaketi dogo la kumtosha kitindamimba, tulingoja kingine. Nahodha alinung'unika, lakini tulikuwa na wakati, na mtoto tunaye mmoja wa kimo hicho.

Kisiwa kiliinuka mbele yetu kama mlima uliokaa majini, kijani hadi kileleni. Takawiri ilibaki pembeni, ndogo, yenye ufuo wa mchanga mweupe na minazi, mpaka Bibi akauliza kama tumerudi Kilifi. Malazi ya ufuoni huko yana bei ya watalii. Sisi tuliitazama tukapita, na kutazama hakulipiwi.

Wenyeji wa asili wa Mfangano ni Abasuba, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili chetu. Siku hizi wengi wao huongea Kijaluo, na lugha ya wazee inadidimia. Wana jumba la makumbusho la jamii yao kisiwani, na kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale ya duara na miviringo, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayonasibishwa na watu wa jamii ya Watwa waliotangulia kukaa hapo. Kwa muda mrefu wenyeji waliihusisha michoro hiyo na kuomba mvua. Sisi tuliitazama kwa ajili ya mazingatio, tukiwakumbusha watoto kwamba kaumu huja na kupita, na kinachobaki ni alama. Kupanda hadi huko kunahitaji miguu imara na mwongoza njia wa hapo hapo. Bibi alibaki chini na wanawake waliokuwa wakianika omena, akarudi na kifurushi cha omena na mapishi mawili mapya.

Chakula hakikutupa taabu. Samaki ni halali pasipo kuchinjwa, na ziwa lina ngege, mbuta na omena. Ukinunua kutoka kwa wavuvi asubuhi na kuomba jiko la nyumba uliyofikia, familia ya watu sita hushiba kwa fedha kidogo. Tulibeba viungo vyetu: bizari, pilipili manga, ndimu na tui la unga. Mwenye nyumba alionja ngege wa kupaka, akaita jirani zake.

Kuhusu kuoga ziwani, tunapenda kina mama wasome aya hii kwa makini. Sisi tumelelewa na bahari, na mtoto wetu akiona maji huvua viatu. Ziwa Viktoria si bahari. Katika maji yake ya kando, penye majani na konokono wadogo, hukaa vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila ya mtu kuhisi. Tuliwakataza watoto kuingia majini, wakubwa kwa wadogo. Badala yake tulikodi mtumbwi mkubwa pamoja na mvuvi wake kwa saa moja, wakajifunza kuvuta kasia, na wakaoga jioni kwa maji yaliyochemshwa. Aliyegusa maji ya ziwa kwa muda mrefu na aende kupimwa baada ya wiki kadhaa. Kichocho kina dawa inayoponya, kikijulikana mapema. Maji ya kunywa ni ya chupa au yaliyochemka tu. Wanawake wenye buibui na leso hawatakosa heshima huko. Tulitazamwa kwa udadisi, tukaulizwa maswali, na hakuna aliyetukera.

Yale mazuri ya kisiwa hayakuwa na bei. Jioni jua lilizama ndani ya maji, jambo ambalo mtoto wa Mombasa haoni, kwani bahari yetu iko upande wa macheo. Usiku mashua za omena ziliwasha taa zao kuvutia samaki, na ziwa lote likawa kama mji uliotandazwa juu ya maji. Tuliswali isha barazani, tukakaa kuzihesabu taa mpaka kijana aliyelia Osiri akalala kwenye paja la Bibi.

Tuliyorudi nayo

Tulirudi nyumbani siku ya tisa, mfukoni mkiwa na shilingi 2,300. Tumeulizwa na jirani kama ilikuwa likizo ama ilikuwa ziara ya jamaa. Hatuoni kwamba lazima tuchague. Kuunga udugu kumehimizwa katika dini yetu, na kutembea katika ardhi kwa mazingatio pia kumehimizwa. Mwenye mfuko mdogo anayeyaunganisha mawili hayo hapungukiwi na kitu.

Kwa familia itakayotaka kuifuata njia hii, tungependekeza mambo machache. Anzeni kwa kuuliza ni nani wa damu yenu anayekaa karibu na mahali panapotamaniwa, na ambaye hajatembelewa. Msimwendee mikono mitupu, wala msikae kwake hadi mkawa mzigo. Siku tatu ndiyo haki ya mgeni. Fungu la dharura lisiguswe kwa vitamu. Na katika fungu la zawadi acheni nafasi ya haja mtakayoikuta huko, kwa sababu mwenye shida aliye mbali huwa haisemi katika simu.

Mama mdogo hutupigia kila Ijumaa. Karai linafanya kazi tangu alfajiri. Siku nyingine mahamri huisha kabla ya saa mbili asubuhi. Siku nyingine hubaki, wakayala wao na majirani. Zebaki hajaigusa tangu tulipoondoka. Mumewe angali anashuka shimoni, na kila jioni mkewe angali anahesabu saa. Tunawaomba wasomaji wamjumuishe katika dua zao, yeye na wanawake wenzake wote wanaoishi kwa dhahabu wasiyoivaa, na Mwenyezi Mungu amjaalie ajifungue salama mtoto mwenye afya.

Wabillahi tawfiiq.